Planktoni za Bahari: Zinapungua, au Zinabadilishana Nafasi?

Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Daniel Boyce, Marlon Lewis na Boris Worm uliohitimisha kwamba planktoni za mimea, yaani viumbe wadogo sana wanaoelea majini na kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, zimekuwa zikipungua kwa takriban asilimia 1 ya wastani wa dunia kila mwaka, kwa muda wa karne nzima. Hesabu hiyo ilipofika magazetini ilikuwa imeshakuwa asilimia 40 tangu mwaka 1950, na hadi leo haikosekani kwenye mijadala ya mabadiliko ya tabianchi. Si jambo la kupuuzwa, kwa kuwa viumbe hawa wadogo, ambao uzito wao haufiki asilimia 1 ya uzito wa mimea yote duniani, ndio wanaofanya karibu nusu ya usanisinuru wote wa sayari hii.

Hoja ya wanaohofia ina msingi mzuri wa kifizikia. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi na kuelea juu ya maji baridi, tabaka mbili hizo zikawa hazichanganyiki kwa urahisi, na virutubisho vilivyoko vilindini, hasa naitrojeni na fosforasi, hushindwa kupanda hadi kwenye mwanga ambako planktoni huishi. Ndiyo sababu ripoti ya mwaka 2019 ya jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, ilikadiria kuwa uzalishaji wa mimea ya baharini utashuka kwa kati ya asilimia 4 na 11 ifikapo mwisho wa karne hii, endapo gesijoto zitaendelea kutolewa kwa wingi. Makadirio hayo yako mbali sana na ile asilimia 40, na modeli zilizofuata zimetofautiana zaidi, baadhi zikionyesha hata ongezeko.

Wenye shaka nao walianzia kwenye vipimo. Sehemu kubwa ya data za zamani ilitokana na sahani ya Secchi, sahani nyeupe iliyoanza kutumika mwaka 1865, ambayo hushushwa majini kwa kamba mpaka ipotee machoni. Ikipotea mapema, maji yana planktoni nyingi. Data za baadaye zilitokana zaidi na klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea, iliyopimwa katika sampuli za maji. Mwaka 2011 wakosoaji walionyesha, katika jarida lilelile, kwamba ukiunganisha vipimo viwili vyenye mwelekeo tofauti wa makosa unaweza kupata upungufu ambao haumo baharini. Waandishi walijibu kwa kurudia uchambuzi na wakashikilia msimamo wao. Kwa maoni yangu, wakosoaji walifaulu kuitikisa takwimu, lakini hawakufaulu kuiondoa hofu yenyewe.

Ushahidi ninaouona kuwa na uzito zaidi umo kwenye hariri. Tangu mwaka 1931 meli za mizigo zimekuwa zikikokota majini chombo kilichobuniwa na Alister Hardy: maji huingia kupitia tundu dogo la mraba, ukanda wa hariri hupita polepole na kuinasa planktoni, ukanda wa pili huifunika, kisha vyote viwili huviringishwa ndani ya formalini. Maabara huufungua ukanda huo, hulinganisha ukijani wake na kadi ya rangi, halafu huhesabu viumbe kwa hadubini. Katika sehemu kadhaa za Atlantiki ya Kaskazini ukijani huo umeongezeka badala ya kupungua, jambo lililowapa wenye shaka silaha nzuri.

Hata hivyo, hariri hiyohiyo inawanyima utulivu. Kopepodi, yaani planktoni za wanyama wanaofanana na kamba wadogo sana, wa maji ya uvuguvugu wamesogea kaskazini kwa takriban nyuzi 10 za latitudo katika muda wa miongo minne hivi. Katika Bahari ya Kaskazini, kopepodi aitwaye Calanus finmarchicus, mwenye mafuta mengi na anayeongezeka majira ya kuchipua, ameachia nafasi kwa kiasi kikubwa ndugu yake Calanus helgolandicus, ambaye wingi wake hufika kilele baadaye katika mwaka. Vifaranga wa chewa wa Atlantiki hutegemea chakula cha majira ya kuchipua, wala ongezeko la vuli haliwafai kitu. Ukitazama kijani peke yake, utasema bahari hiyo ina afya.

Hoja ya uwezo wa kujirekebisha nayo inastahili kusikilizwa, maana planktoni za mimea hugawanyika haraka, na majaribio ya maabara yamewahi kuonyesha spishi ya Emiliania huxleyi ikijizoesha na maji yenye asidi zaidi baada ya takriban vizazi 500. Katika Aktiki, uzalishaji uliongezeka kwa asilimia 57 kati ya mwaka 1998 na 2018, mwanzoni hasa kwa sababu ya kupungua kwa barafu. Lakini kuzoea joto au asidi hakupandishi virutubisho kutoka vilindini, na pale vinapoadimika, diatomu, planktoni za mimea zilizo kubwa kiasi, huwapisha viumbe wadogo kabisa, ambao kaboni yao huzama kwa uchache zaidi na humfikia samaki baada ya kupita kwenye matumbo mengi.

Mwaka 2023 uchambuzi wa miaka 20 ya picha za setilaiti ulibaini kwamba rangi ya maji imebadilika katika asilimia 56 ya uso wa bahari, ilhali mwelekeo wa klorofili peke yake ulikadiriwa kuhitaji takriban miaka 40 kabla ya kutofautishwa na mabadiliko ya kawaida ya mwaka hadi mwaka. Mfululizo usiokatika wa vipimo hivyo ulianza mwaka 1997, kwa hiyo jibu thabiti kuhusu kiasi huenda lisipatikane kabla ya mwaka 2037. Setilaiti ya PACE, iliyorushwa na NASA mwezi Februari 2024, husoma rangi kwa undani unaosaidia kutofautisha makundi ya planktoni, na huko ndiko mjadala unakopaswa kuhamia. Mamlaka ya uvuvi inayopanga viwango vyake kwa kutazama jumla ya klorofili inaweza kukuta samaki wameshaondoka huku kipimo chake kikiwa hakijasogea.