Si mchezo wa kitoto

Mwandishi wa makala moja niliyoisoma ameuita mchezo wa kitoto ule utamaduni wa chuo cha jeshi la majini la Marekani, Annapolis, ambako wanafunzi wa mwaka wa kwanza humaliza mwaka kwa kuupanda mnara wa Herndon uliopakwa mafuta mazito. Mimi sikubaliani naye kabisa. Mnara una mita 6 na ushee, hauna pa kushika, na juu kuna kofia ya kuruta inayotakiwa kuondolewa na kuwekwa ile ya wakubwa. Hakuna anayefika peke yake; lazima wasimamiane mabegani. Mwaka 1969 haukupakwa mafuta, wakamaliza kwa dakika moja na nusu. Mwaka 1995 walihangaika zaidi ya saa 4! Hapo ndipo unamjua mwenzako.

Mdogo wangu alipotunukiwa kamisheni ya uofisa wa jeshi pale chuo cha kijeshi cha Monduli, Arusha, hakukuwa na mnara. Kulikuwa na gwaride, kiapo na ule upepo wa Monduli unaopuliza vumbi mpaka machoni. Mama alitoka Moshi alfajiri na shada la maua limefungwa kwenye khanga, lisinyauke. Gwaride lilipokwisha akashindwa kulifikisha shingoni, kijana amemzidi urefu. Luteni Usu yule akavua kofia, akaibana kwapani, akainama mbele ya watu wote. Mama akamvisha huku mikono ikimtetemeka, kisha akapiga kigelegele kilichoitikiwa na kina mama wasiotujua hata jina.

Jamani, msiwabeze wale vijana wa Annapolis.