Papa haonekani, na hapo ndipo penyewe

Mwandishi wa uhakiki anailaumu filamu ya Open Water (2003), ya wanandoa walio likizo wanaoachwa baharini, kwamba papa hawaonekani vya kutosha na picha ni duni, kama video ya mtu aliye likizo. Ndugu mwandishi, hiyo likizo ndiyo hadithi yenyewe! Mwongozaji wake, Chris Kentis, alitumia kamera za kawaida za dijitali, na papa wale ni wa kweli, waigizaji wakaingizwa majini pamoja nao. Ukiona mkia umepita kando ya goti, si kazi ya kompyuta.

Ile sehemu ya usiku umeiangalia vizuri? Skrini nyeusi tii. Radi inamulika kufumba na kufumbua, unaona uso na maji, kisha giza tena. Sauti tu. Mimi nilikunja miguu juu ya kochi, na nipo nchi kavu.

Tena kuficha mnyama si umaskini tu. Jaws, filamu ya papa ya 1975, ilikuwa na fedha, lakini papa wake wa mashine aliharibika mara kwa mara kwenye maji ya chumvi, ikabidi mwongozaji Spielberg aonyeshe maji badala ya meno.

Nakubali mazungumzo ya mwanzo yanachosha. Ila kisa kilichowapa watengenezaji wa Open Water wazo ni cha kweli: mwaka 1998, wanandoa Wamarekani waliachwa na boti ya wapiga mbizi huko Australia kwa kuhesabiwa vibaya, na ilipita siku mbili ndipo watu wakagundua hawapo.