Simba au Yanga? Mimi Liemba

Siku hizi hata kunyolewa sharti kwanza utaje timu. Kinyozi wetu hapa Mwanga anashika mashine, anakutazama kwenye kioo: "Mzee, upande gani?" Ukikosea jibu unatoka na denge la upande mmoja. Mimi nasema kweli tupu: "Liemba." Mashine ikazimwa.

"Mzee, ile meli."

"Ndiyo. Kwani shida iko wapi?"

Jamani, kosa langu nini? Mimi ni fundi baiskeli, nashinda na grisi mpaka kwenye nyusi. Kwa mtu wa grisi hakuna habari tamu kama ya ile meli. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Goetzen. Ikafunguliwa kipande kipande, ikajazwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi hapa Kigoma. Ikaungwa upya, ikashushwa majini 1915. Mimi juzi nimefungua gurudumu la nyuma la baiskeli moja, moja tu, nikalirudisha, nikabaki na bolti mbili mkononi sijui zimetoka wapi. Mwenye baiskeli hajui. Naomba iwe hivyo hivyo.

Halafu 1916, vita imewaelemea, Wajerumani wakaona bora kuizamisha kuliko kumwachia adui. Ila mafundi wao kwanza wakazipaka injini grisi nene! Nikifika hapo huwa nasimama kidogo. Mteja wangu baiskeli ikinyeshewa usiku mmoja, mnyororo unalia kama kuku anayetaga, asubuhi anakuja kunilaumu mimi. Grisi hajawahi kununua tangu azaliwe.

Pale kijiweni wanajibu kuwa meli si timu. Sawa. Nitajieni basi mchezaji wenu aliyezama 1916, Wabelgiji wakamwinua akazama tena, Waingereza wakamtoa 1924, akarudi uwanjani 1927 kwa jina jipya. Straika wenu akiguswa nyonga tunasikia taarifa wiki tatu.

Ila nisiwadanganye, ushabiki huu una upweke. Wenzangu wana matawi, wana jezi, wakifunga goli wanakumbatiana na watu wasiowajua. Mimi tawi zima ni mimi, mwenyekiti mimi, mweka hazina mimi, na hazina haina kitu. Hata nyumbani sina kura. Mtoto wetu wa mwisho alipozaliwa nilipendekeza aitwe Liemba, jina la asili kabisa, ndivyo Ziwa Tanganyika lenyewe lilivyokuwa likiitwa. Mama Zuhura aliniangalia kutoka kitandani pale, hana hata nguvu ya kukaa, akasema, "Baba Zuhura, mimi nimezaa mtoto. Sijazaa meli." Mtoto anaitwa Salma.

Jumamosi ya watani wa jadi ndiyo mateso yenyewe. Hakuna anayeleta baiskeli, hakuna anayelipa deni, na hata muuza migebuka anakuuliza rangi kabla ya kutaja bei. Nimekaa zangu, akaja kijana mmoja muuza vocha, mgeni, hana hata mwezi tangu atoke Dodoma. Akanisikia nabishana. Akachutama karibu yangu, akanong'ona kama anayeomba mkopo:

"Mzee, hao Liemba wako vizuri? Nataka niwatie kwenye mkeka."

"Wako vizuri sana. Wana zaidi ya miaka mia."

"Mia! Kumbe timu kongwe." Akatoa simu, akatafuta, akatafuta. "Mbona siwaoni? Wanacheza ligi gani?"

"Ziwani."

"Ziwani wapi?"

Nikamwonyesha kwa spana kule bondeni, maji yanakometameta mpaka milima ya Kongo. Kijana akayatazama muda mrefu, akatikisa kichwa kama mtu aliyeshapiga hesabu zake.

"Basi wako nyumbani," akasema. "Nawapa ushindi."