Mkato Usiokuwapo na Ujira wa Madereva: Sarufi ya Kiingereza cha Biashara Inamlinda Nani?

Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ya shirikisho nchini Marekani ilitoa hukumu juu ya mkato ambao haukuwapo. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy, jimboni Maine, walikuwa wakidai malipo ya saa za ziada. Sheria ya jimbo iliwanyima malipo hayo wanaofanya shughuli fulani za vyakula vinavyoharibika upesi, na ilizitaja moja baada ya nyingine. Kwa Kiswahili sehemu ya orodha ile ingesomeka hivi: kusindika, kuhifadhi, kugandisha, kukausha, kuweka ghalani, kufungasha kwa ajili ya usafirishaji au usambazaji.

Rudia maneno ya mwisho. Usambazaji ni shughuli inayojitegemea, au ni sababu ya pili ya kufungasha? Ukijitegemea, dereva anayesambaza maziwa hana chake. Ukiwa ni sababu ya kufungasha, sheria haimgusi kabisa, kwa kuwa yeye anaendesha lori na hafungashi kitu. Kabla ya "au" hapakuwa na mkato wa kuvitenga viwili hivyo. Tena madereva hawakuegemea mkato peke yake. Walionyesha kwamba shughuli zote kwenye orodha zimeandikwa kwa umbo moja linalotokana na kitenzi, ilhali maneno ya usafirishaji na usambazaji yana umbo jingine, kwa hiyo hayo mawili yanakwenda pamoja. Msomaji wa Kiswahili analiona hilo bila kusaidiwa: ku-, ku-, ku-, halafu ghafla u- na u-. Mahakama ilikubali kwamba sheria ina utata, na kwa kuwa lengo la sheria za ujira za Maine ni kumlinda mfanyakazi, utata ule ukatafsiriwa kwa faida ya madereva. Mwaka 2018 kesi ilimalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 5.

Kesi hii hupenda kusimuliwa kama kituko cha walimu wa lugha. Mimi huishia kila mara kwenye jambo moja: waliofaidika. Hawakuwa wahariri wala wanasheria wakuu wa kampuni. Walikuwa watu wa usukani, na kilichowatetea ni sarufi iliyosomwa kwa makini.

Nalisema hili kwa sababu hoja inayosikika sana siku hizi ni kwamba kumfundisha mtu mzima, mwenye kazi na majukumu, misingi ya sarufi na uakifishaji wa Kiingereza cha biashara ni kumtesa bure. Hoja hiyo si ya wavivu, na inastahili kuelezwa kwa haki. Sehemu kubwa ya watumiaji wa Kiingereza duniani hawakuzaliwa nacho. Mnunuzi wa lugha moja anamwandikia muuzaji wa lugha nyingine, Kiingereza kikiwa daraja tu kati yao, na biashara inafanyika. Barbara Seidlhofer, aliyechunguza mazungumzo ya watu wa namna hiyo, alieleza kwamba baadhi ya makosa yanayowakera walimu zaidi, kama kusahau ile "s" ya nafsi ya tatu au kuacha vitangulizi "a" na "the", kwa kawaida hayazuii maelewano. Kuna pia suala la heshima. Barua ya maombi ya kazi hutupwa kwa kosa dogo wakati mwandishi wake angeiweza kazi yenyewe vizuri, na hapo sarufi imekuwa mlango wa kuwafungia watu nje. Anayelalamikia hilo ana haki ya kulalamika.

Mfano wa Kanada unaupa upande huo nguvu zaidi. Kampuni mbili za mawasiliano, Rogers na Aliant, zilikuwa na mkataba wa miaka 5 kuhusu matumizi ya nguzo. Aliant ilitaka kujitoa kabla ya miaka hiyo kwisha. Mwaka 2006 mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo iliipa haki, kwa hoja kwamba mkato mmoja ulifanya kifungu cha kuvunja mkataba kwa notisi ya mwaka mmoja kihusu hata miaka 5 ya mwanzo. Mwaka uliofuata uamuzi ukageuzwa. Mkataba ulikuwa na toleo la Kifaransa, na toleo hilo halikuacha nafasi ya tafsiri ile. Kwa hiyo ni kweli kwamba maana haikai ndani ya alama moja tu, na kwamba kuna wakati watu huitafuta kwingine wakaipata.

Lakini wangapi kati yetu tuna toleo la pili la mkataba? Rogers ilikuwa na Kifaransa, ilikuwa na mawakili, na iliweza kungoja mwaka mzima. Fundi aliyesaini karatasi mbili za Kiingereza ana karatasi hizo mbili basi. Hapa ndipo naona mjadala unapotoka njia. Wanaopinga na wengi wanaotetea huzungumza kana kwamba sarufi hujifunzwa ili mtu aandike vizuri, aonekane msomi, asichekwe. Katika biashara faida yake kubwa iko kwenye kusoma. Barua ulizoandika wewe unajua ulichokusudia. Zile ulizoandikiwa ndizo zenye hatari.

Chukua sentensi mbili za Kiingereza: "The goods which arrived late will be returned" na "The goods, which arrived late, will be returned." Maneno ni yale yale. Ya kwanza inarudisha bidhaa zilizochelewa tu, na zilizowahi zinabaki. Ya pili inarudisha shehena nzima, na kuchelewa ni maelezo ya ziada tu. Kiswahili hakijatuzoesha kutazama hapo. Sisi tunasema "bidhaa zilizochelewa zitarudishwa", urejeshi ukiwa umo ndani ya kitenzi, na hatutegemei mikato miwili itutenganishie baadhi na zote. Mtu anaweza kuwa na msamiati mpana wa Kiingereza, akaisoma sentensi ya pili kama ya kwanza, na akajibu "sawa".

Au chukua "by" na "until". "Hadi Ijumaa" yetu hubeba yote mawili: jambo linaloendelea mpaka siku hiyo, na jambo linalotakiwa liwe limekwisha siku hiyo. Ndiyo maana mtu huandika "send the documents until Friday" akikusudia zifike kabla Ijumaa haijapita, na msomaji wake akaelewa zitumwe mfululizo mpaka Ijumaa. Ritifaa nayo inatuponza kwa namna yake. Sisi tunaijua katika "ng'ombe", ambako ni sehemu ya sauti. Kwa Kiingereza inaonyesha mwenye mali, na mahali pake panaweza kuonyesha kama mwenye mali ni mshirika mmoja au washirika wote: "the partner's shares", "the partners' shares".

Kuna wanaosema programu za kusahihisha zimelimaliza tatizo. Zinasaidia, na ningemshauri kila mtu azitumie kwa tahajia. Ila zile sentensi mbili za bidhaa zote ni sahihi. Programu inaweza kuzipitisha zote, kwa sababu haijui kama ulikubaliana kurudisha baadhi au zote. Anayelijua hilo ni wewe.

Kwa hiyo simtetei mwalimu anayemkalisha mfanyabiashara wiki tatu kwenye "a" na "the". Hapo wapinzani wako sawa, na ningependa masomo hayo yapunguzwe bila huruma. Muda huo uende kwenye mikato ya vishazi rejeshi (kama ile ya "which arrived late"), orodha zenye "and" na "or", vihusishi vya muda, ukanushi, na tofauti ya "shall" na "may", ambayo katika mkataba ni tofauti ya wajibu na hiari. Ni mambo machache, na mtu mzima huyashika haraka akifundishwa kwa mikataba na ankara halisi, si kwa mazoezi ya kujaza nafasi zilizoachwa wazi.

Kuhusu Maine, orodha ile haiko tena kama ilivyokuwa. Wabunge waliiandika upya baada ya hukumu: wakaweka nukta-mkato kati ya shughuli moja na nyingine, na "usambazaji" wakaugeuza kuwa "kusambaza", umbo lile lile la zilizotangulia. Dereva wa maziwa wa leo akiisoma sheria hiyo hakuti tena utata wa kumtetea.