Fremu ndogo ikazwe nyuma, mbele iachiwe pumzi

Ukitaka kujua kama fremu ndogo, ile inayokaa kati ya bodi na chesi ya lori, imeshikamana na chesi, usihangaike kuhesabu bolti. Jilaze chini, umulike tochi pale vyuma viwili vinapokutana. Ukiona unga mwekundu, laini kama pilipili ya kusaga, umetoka chini ya kichwa cha bolti, ujue vyuma vinasuguana. Bolti ile imebaki pambo.

Mafundi wengi wa bodi dawa yetu ni moja: kikilegea, chomelea. Nami nilikuwa huko. Tipa la kwanza nililoachiwa nilifunge peke yangu nililichomelea kama geti, mbele hadi nyuma, nikasimama pembeni kujisifu. Halikumaliza mwaka. Chesi ilipata ufa nyuma kidogo ya kabini, pale pale fremu yangu ilipoishia, na ukiufuata ule ufa kwa kidole unafika kwenye mshono wangu mwenyewe.

Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba chesi imeundwa ijipinde. Gurudumu moja likipanda jiwe na la upande wa pili likabaki chini, chesi hunyongwa kama nguo inayokamuliwa, kisha hurudi. Ukiizuia kote, ule mnyongo hauishi; unakimbilia sehemu moja na kuila mpaka ipasuke. Tena chesi nyingi ni za chuma kigumu, kingine kimepitishwa kwenye joto maalumu kiwandani, na moto wa kuchomelea hukiharibu pembeni mwa mshono. Hata kutoboa kuna mahali pake. Kwenye chuma cha umbo la C, midomo ya juu na ya chini ndiyo inayoumia zaidi lori linapobeba. Toboa ubavuni, midomo uiache.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: nyuma kaza kwelikweli, mbele acha pumzi. Nyuma weka mabamba yaliyofungwa ubavuni kwa bolti zenye daraja la ugumu la 8.8 au 10.9, tundu lisiwe pana kuliko inavyohitajika. Mbele weka bolti ndefu zenye springi, ili chesi ikijinyonga fremu iinuke kidogo na kurudi. Kwa boza ndiyo usiseme kabisa, maana tenki halijipindi hata kidogo. Ukilifunga kigumu pembe zote nne, ama litapasuka lenyewe ama litapasua chesi.

Yubolti, zile bolti zilizopindwa kama herufi U, sizichukii, ila zinapewa kazi isiyo yao. Zinakandamiza chini vizuri, lakini dereva akikanyaga breki ghafla mzigo unataka kwenda mbele, na hapo yubolti huteleza pamoja nao. Lazima pawe na bamba la kuuzuia. Halafu ukizikaza bila kuweka kipande cha kujaza ndani ya ile C, zinakunja midomo ya chesi. Wengi hujaza kwa mbao. Karibu na bomba la moshi mbao itaungua, kwa hiyo hapo weka chuma.

Ncha ya mbele ya fremu ndogo nayo isikatwe wima kama kisiki. Ishushe kwa mteremko, iwe nyembamba taratibu. Tipa langu lilikuwa na kisiki.

Rangi nene katikati ya bamba na chesi ni adui mwingine. Inasagika, inapungua, na bolti uliyoikaza kwa spana ya kipimo inalegea bila nati kuzunguka hata robo. Siku hizi nakwangua kwanza, kisha napaka nyembamba ya kuzuia kutu. Nikishakaza, nachora mstari mweupe kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba. Kuna dereva aliniuliza, “Fundi, mbona umenichorea gari?” Nikamwambia alirudishe likishabeba mzigo wiki mbili. Aliporudi, mistari miwili ilikuwa imekatika, yote ya kushoto. Nikaanza na hizo, kisha nikapitisha spana kwenye zilizobaki zote, maana bolti inayolegea bila nati kuzunguka, mstari haukuonyeshi.