Alizeti ya Makutano

Mimi ni mtu wa miguu, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Nauli ya matatu hupanda mvua inapoanza kunyesha, na mvua ikiacha haikumbuki kushuka. Kwa hiyo kila asubuhi naingia katikati ya jiji la Nairobi kwa miguu, na kwa miaka mingi nimevuka makutano yale yale kwa mbinu ile ile: namtazama dereva machoni, naomba dua kimoyomoyo, kisha natimua mbio.

Mwezi uliopita nilikuta makutano yamechorwa. Palipokuwa na lami ya viraka pamechanua alizeti, kila petali ikiwa na urefu wa kitanda cha futi sita, na kando yake amelala samaki wa buluu ambaye sijui alifuata nini mbali hivyo na maji. Kijana aliyekuwa akikusanya makopo ya rangi alinieleza kwa heshima kwamba mchoro ule umewekwa kwa ajili yangu. Rangi ikitandazwa kwenye kona, dereva huona njia imekuwa nyembamba, jicho lake hushtuka, na mguu wake huhamia kwenye breki bila kuombwa. Alinitajia New York, ambako mwaka 2009 magari yaliondolewa Times Square na watu wakawekewa viti barabarani, na mwaka uliofuata lami ikapakwa rangi. Alinitajia hata uchunguzi wa wakfu wa Bloomberg wa mwaka 2022, uliotazama sehemu 17 zilizochorwa huko Marekani na kukuta ajali zinazowahusu wenye miguu na wenye baiskeli zimepungua kwa asilimia 50. Sikubishana naye. Nani abishane na asilimia 50 kabla ya kunywa chai?

Tatizo ni malezi yangu. Mama yangu alipiga deki kila alfajiri, na mtoto aliyekanyaga sakafu kabla haijakauka alikiona cha mtema kuni. Hadi leo nikiona kitu kinang'aa chini, miguu yangu hukizunguka yenyewe. Nilisimama ukingoni mwa petali nikashindwa kabisa, na nilipotazama nyuma nikaona wenzangu nao wamesimama, viatu vyao vina tope la njiani kama changu. Basi tukaizunguka alizeti kwa mstari, kwa adabu, tukashukia barabarani penye magari ili tusichafue mahali tulipoandaliwa tusigongwe na magari.

Waendesha boda boda hawakulelewa na mama yangu. Mmoja alikuja akikata katikati ya ua, abiria wawili na godoro nyuma, akanipigia honi. "Mzee, umechorewa njia yako, mbona unatuzibia yetu?" Aliyasema hayo akiwa juu ya njia yangu. Niliruka kumkwepa nikatua juu ya samaki, na kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha, niliteleza kutoka mkiani hadi kwenye jicho. Wachoraji wazoefu huchanganya chembe za mchanga katika rangi ili soli ishike. Samaki wetu, nadhani, alipakwa mchanga ukiwa umekwisha.

Kwa haki, nimeona mambo haya yakifanikiwa. Mwaka 2019 barabara ya Luthuli, ile ya maduka ya redio na televisheni, ilifanywa ya mwelekeo mmoja kwa ushirikiano wa kaunti na UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, na njia ya miguu ikapanuliwa. Lakini kule kulijengwa, na ukingo uliojengwa haumngojei dereva apende sanaa.

Kwetu aliyemaliza ubishi ni mama wa mandazi. Wiki iliyopita alikuja na beseni lake, akatafuta mahali palipo safi, akaweka kigoda katikati kabisa ya alizeti. Matatu ya kwanza ilipiga honi, yeye akaendelea kuhesabu chenji. Ya pili ilipunguza mwendo na makanga akanyoosha mkono dirishani na noti ya shilingi hamsini. Kufikia saa mbili magari yote yalikuwa yakitambaa kumzunguka, mengine kwa kukasirika, mengine kwa njaa.

Nami nilikuwa na njaa. Nilisimama pale ukingoni, nikapangusa viatu nyuma ya miguu ya suruali, kimoja baada ya kingine, ndipo nikaingia.