Papa: tunagombania pezi, jarife linaendelea kuvua

Mjadala wa kuhifadhi papa, popote unapofanyika, huanzia kwenye pezi. Sote tumekwisha kuiona picha ya papa aliyekatwa mapezi na kurudishwa majini akiwa bado hai, na hatuna sababu ya kuikanusha. Hata hivyo, anayefika mnadani alfajiri kwenye diko lolote kubwa la pwani yetu, mashua zinapoingia, ataona jambo ambalo picha hiyo haielezi. Papa hushushwa mzima. Mapezi, yakiwa makubwa, yana mnunuzi wake. Nyama huenda kwa wengine, ikakaangwa jioni hiyohiyo au ikapasuliwa, ikatiwa chumvi na kuanikwa juani hadi iwe ng'onda. Na zamani hata ini lilitolewa sifa, yaani mafuta ya kupaka mashua. Ulaji huu haukuanza na soko la mapezi. Papa mkavu alikuwa akiletwa Unguja na Mombasa kwa majahazi ya kaskazi kutoka Arabuni na pwani ya Somalia, na harufu yake ilitangulia jahazi kufika.

Upande mmoja wa mjadala unataka uvuvi wa papa na taa, samaki bapa wa jamaa ya papa, upigwe marufuku moja kwa moja, na hoja zake ni nzito. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2021 ilipima spishi 1,199 za papa, taa na jamaa zao, ikakuta 391 ziko katika hatari ya kutoweka, na uvuvi wa kupita kiasi unazigusa zote. Mwaka huohuo watafiti wengine walionyesha kwamba papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970. Tena marufuku ni nyepesi kusimamia: kichwa na mapezi yakishaondolewa, afisa uvuvi hawezi kujua hii ni spishi gani, lakini kwamba ni papa atajua.

Upande wa pili, ambao una wanabiolojia wa samaki waliomaliza miaka yao kazini wakiwachunguza wanyama hawa, unasema papa wavuliwe kwa kiasi, na kwa zana zinazochagua. Hawa husikika kama mawakili wa wafanyabiashara wa mapezi. Kwa maoni yangu wanaonewa, na cha ajabu ni kwamba ushahidi unaowatetea vizuri zaidi umo katika utafiti uleule ambao wapinzani wao hupenda kuunukuu.

Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2020. Kamera zenye chambo zilishushwa kwenye miamba ya matumbawe 371 katika nchi na maeneo 58, na karibu asilimia 20 ya miamba hiyo haikuonyesha papa hata mmoja. Kenya ilikuwa miongoni mwa sehemu sita zilizofanya vibaya kuliko zote: katika sita hizo kwa pamoja, kwa zaidi ya saa 800 za video, walionekana papa watatu. Tarakimu hiyo imenikaa. Saa 800 ni sawa na kukodolea macho chambo kwa siku 33 mfululizo, usiku na mchana, na kwa kuwa papa ni watatu na sehemu ni sita, angalau sehemu tatu hazikupata chochote. Mtu anaweza kusema kwamba kamera huona mwambani tu, na kwamba papa wako kwenye kina kirefu au kwenye maji machafu ya midomo ya mito. Ni kweli, na papa bado anauzwa Mombasa. Lakini mwamba ambao mwindaji wake mkubwa hapiti mbele ya chambo kwa muda wote huo umekwisha kumpoteza kwa kazi yoyote aliyokuwa akiifanya pale, hata kama jina lake lingali sokoni.

Sasa, watafiti haohao walipoangalia ni wapi papa wamebaki, walikuta hifadhi za papa zinasaidia, ndiyo, lakini walikuta pia kwamba mahali palipozuia nyavu za kunasia na mishipi mirefu yenye ndoana nyingi, au palipoweka kiwango cha kuvua, pana papa zaidi. Bahamas hutajwa sana kama ushindi wa marufuku, kwa kuwa ilikataza uvuvi wa papa mwaka 2011. Hutajwa mara chache kwamba mishipi mirefu ilikuwa imekwisha kukatazwa huko tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Marufuku ilipokuja, ilikuta papa wapo.

Biolojia nayo inaelekea hukohuko. Papa wengi hukomaa wakiwa na umri mkubwa na kuzaa watoto wachache, lakini hawafanani. Kusini mwa Australia nyavu zilezile zimevua papa wa aina mbili kwa miongo mingi. Mmoja, Mustelus antarcticus, huishi miaka kama 16 na kukomaa mapema. Macho ya wavu hupangwa yanase wa umri wa kati na kuwaachia majike wakubwa wanaozaa sana, na uvuvi wake unaendelea hadi leo bila kuanguka. Mwingine, Galeorhinus galeus, huishi zaidi ya miaka 50 na hukaa muda mrefu kati ya uzazi mmoja na mwingine, huyo ameporomoka. Sheria inayosema "papa" kwa ujumla, iwe ya kuruhusu au ya kukataza, haiwaoni hawa wawili.

Mfano unaoniumiza zaidi ni papa upanga, ambaye kwa nasaba ni taa. Biashara ya kimataifa ya spishi zake zote imekatazwa, nyingi tangu mwaka 2007 na iliyobaki tangu 2013. Lakini mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori hutazama kinachovuka mpaka. Upanga wenye meno pande zote mbili hunasa katika wavu wowote unaopita, na wavu hausomi mkataba. Jarife, yaani wavu mkubwa wa kunasia, hutegwa usiku kucha likielea, na asubuhi huwa na nduwaro, papa, taa, pengine kasa na pomboo.

Hapa upande ninaoutetea una deni kubwa. Kupunguza majarife ni kumgusa mwenye chombo, nahodha na mabaharia wanaogawana mapato ya usiku mmoja, na bila kuwapa zana nyingine ni kuwanyang'anya riziki kwa lugha ya upole kuliko ya marufuku. Pia kuvua kwa kiasi kunadai kujua umevua nini. Wavuvi wetu wanajua: watakutajia mbingusi kwa kichwa chake, potwe kwa madoa yake, na taa kwa majina ambayo mimi nimeyasikia bila kuweza kuyaandika yote. Kisha mzigo unafika kwa mtunza takwimu, na mara nyingi daftari lake lina safu mbili tu, "papa" na "taa".